Kozi ya kuandika maneno yanayouza: laki na ishirini yangu ilikoenda

Asiyetaka kusoma yote achukue hili aende zake: Jumamosi ya kwanza ilikuwa nzuri nusu, ya pili nilikuwa nayo tayari kwenye daftari la Kiswahili la kidato cha tatu, ya tatu ilinifumbua macho, ya nne peke yake ilirudisha hela, na cheti msinunue.

Haya, wenye muda twende.

Mi nauza mashuka na mapazia onlaini, huu mwaka wa tano, duka sina, stoo ni chumba cha watoto na mizigo inapanda bodaboda. Miaka yote hiyo kapsheni yangu ni ile ile mnayoijua wote, "Mashuka makali jamani, kwaliti ya uhakika, bei poa, mzigo mpya umeshuka, bei njoo inboksi", yaani ukitoa neno mashuka ukaweka viatu au majiko ya gesi inakaa vile vile, na hilo ndo lilikuwa tatizo ila sikuwa nalijua, mi nlidhani tatizo ni picha. Watu wanaweka makopakopa kwenye komenti alafu wanalala kwenye mashuka yao ya zamani. Siku moja nikakutana na tangazo, jifunze kuandika maneno ya kushawishi, Jumamosi nne tu, NAFASI ZIMEBAKI TANO, nikatuma hela usiku huo huo kabla hazijaisha. Mume wangu nlivyomwambia akanijibu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akageukia mpira wake.

Jina la chuo silitaji na msiniulize. Kiko Sinza, ghorofani, feni mbili, moja inazunguka na nyingine inalalamika. Wameandika saa tatu kamili, Jumamosi ya kwanza tumeanza saa nne kasoro. Na zile nafasi tano zilizobaki, jamani, chumba kina viti thelathini na sisi tulikuwa kumi na moja. Shikeni hilo la viti, ntalirudia.

Darasani kulikuwa na vijana wawili wanaoandika matangazo ya redio, dada mmoja wa bima, mchungaji mmoja, wengine wafanyabiashara kama mimi, na mzee mmoja mwalimu mstaafu ambaye sisi wote tulikuwa tunamwita Mwalimu mpaka ticha mwenyewe akawa anachanganyikiwa nani anaitwa. Huyu mzee ndo kozi yenyewe kwa upande wangu, ila tutafika.

Jumamosi ya kwanza ticha alianza na Aristotle, yule Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, kwamba ukitaka kumshawishi mtu una njia tatu. Ethosi, yaani kwa nini akuamini wewe. Pathosi, unamgusa moyoni wapi. Logosi, hoja na ushahidi ulionao. Hapo nikasema haya ndo yale yale, kila mtu anayefundisha biashara anayo hiyo slaidi. Ila ticha akaingia ndani kidogo, akasema Aristotle hiyo ethosi aliipasua tena mara tatu, kwamba msikilizaji anakuamini akiona unakijua unachokisema, akiona wewe ni mtu mwema, na akiona unamtakia mema yeye. Alafu akatuambia kila mtu afungue simu aangalie posti yake ya mwisho aseme ni kipi kati ya hivyo vitatu hakipo.

Nikaangalia yangu. "Bei njoo inboksi." Sasa mtu anayekutakia mema anakufichia bei ili iweje? Mi mwenyewe nikikutana na posti ya hivyo naipita, najua nikienda inboksi ntapimwa kwanza nina hela kiasi gani ndo niambiwe. Na bado nlikuwa nawafanyia wengine miaka mitano. Nimekaa kimya pale kama nimemwagiwa maji, hiyo dakika moja ilikuwa nzuri kuliko slaidi zote arobaini za siku ile. Kilichobaki sikumbuki, tulipewa fotokopi za Kiingereza zilizofifia hadi unazisoma kwa kubahatisha.

Jumamosi ya pili ndo ilinikera. Majina tu. Anafora, epifora, antithesisi, kiasmusi, haipaboli, trikoloni, kila moja na tafsiri yake na mfano wake, na mifano yote ya Wazungu na Wamarekani. Martin Luther King pale Washington mwaka 1963 na ile "nina ndoto" yake inayorudi na kurudi, hiyo anafora. Kennedy, rais wa Marekani, mwaka 1961, usiulize nchi yako itakufanyia nini, jiulize wewe utaifanyia nini, hiyo kiasmusi, maneno yanapishana yakigeuka kichwa chini. Caesar, nimekuja nimeona nimeshinda, trikoloni. Ni mifano mizuri sibishi, lakini mi nauza mashuka Tabata na Mbagala, kuna mahali nikaanza kujiuliza hii yote inahusiana vipi na mimi.

Ndo mzee akanyanyua mkono. "Samahani kijana wangu, hiyo anafora si takriri?"

Ticha akasema ni kama takriri mzee, ila hii inakaa mwanzo wa sentensi tu.

"Na hiyo haipaboli si mubalagha, kutia chumvi? Na lile swali la kuuliza huku jibu unalo, uliloliita sijui retoriko, si tashtiti? Hayo nimeyafundisha miaka thelathini na moja, kidato cha tatu na cha nne, tamathali za semi na mbinu nyingine za kisanaa."

Darasa zima likacheka, sio kumcheka ticha, tulikuwa tunajicheka wenyewe, maana kila mtu akaanza kukumbuka. Tashbiha, sitiari, tashihisi, tafsida, tabaini, tuliyakariri yote kwa ajili ya mtihani wa taifa, tukajibu, tukatoka nje tukayaacha getini. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba hivyo ni vifaa vya kazi, ulikuwa unatafuta takriri kwenye shairi la mtu mwingine unaweka tiki unasonga mbele. Mi mwenyewe kumbe nilikuwa natumia mubalagha miaka yote tena vibaya, niliwahi kuposti "ukilalia shuka hili HUAMKI" dada mmoja akaandika chini, basi mletee adui yangu.

Alafu mzee akaomba chaki. Akaenda ubaoni akaandika maneno ya Azimio la Arusha, la mwaka 1967, kutoka kichwani bila kuangalia popote:

Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, tumepuuzwa kiasi cha kutosha.

Akasema haya ticha tuambie, hii ni anafora au epifora? Ticha akaangalia akakuna kichwa. Ukiangalia mwisho, "kiasi cha kutosha" inarudi mara tatu, kwa hiyo epifora. Ukiangalia mwanzo, tume, tume, tume, kwa hiyo anafora. Ukiangalia katikati, onewa, nyonywa, puuzwa, vitenzi vyote vimefanyiwa, hakuna hata kimoja ambacho sisi ndo tumefanya. Na viko vitatu kwa hiyo trikoloni nayo imo. Yaani sentensi moja imekula nusu ya slaidi za asubuhi. Mzee akasema Kiswahili kinakupa hivyo vitu bure, viambishi vyenyewe vinaimba, Mzungu inabidi arudie maneno mazima ndo sikio lisikie ila sisi tukipanga vitenzi vitatu vya nafsi moja na wakati mmoja tayari ngoma inalia. Akatoa na ule usemi wa Nyerere wa mwaka 1978 wa vita vya Kagera ambao hata watoto wanaujua, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Tunao, tunayo, tunayo, hakutafuta vina yule, ngeli zimemletea vina.

Mi hapo ndo nikakumbuka ya mume wangu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hebu iangalieni vizuri. Kizuri kibaya, ukinzani. Chajiuza chajitembeza, muundo ule ule pande zote mbili. Hiyo ni methali inayoponda matangazo na yenyewe ni tangazo la hali ya juu, imetengenezwa ikae mdomoni mwa watu hata baada ya aliyeisema kufa, nikamtumia meseji hapo hapo darasani, hajajibu mpaka leo.

Sasa lawama yangu kwa chuo ni hii. Mzee alitumia dakika ishirini na darasa likaamka, na ticha badala ya kulishika lile akasema asante sana mzee tuendelee, akarudi kwenye slaidi. Ticha sio mbaya, anajua kazi yake na hana majivuno, ila kozi mmeifasiri kutoka sehemu mkaacha kuipika upya, wanafunzi wenu wameshasoma nusu ya haya mambo kwa majina mengine, ungeanzia pale wanapojua ungeokoa Jumamosi nzima. Mtu ameshika jembe mkononi unamuuzia jembe.

Jumamosi ya tatu sikutaka kwenda, nikaenda kwa uchungu wa hela. Nashukuru.

Siku hiyo kulikuwa na vitu vitatu tu na hakuna hata kimoja nlichowahi kukisikia shule. Cha kwanza kairosi, neno la Wagiriki kwa ule wakati wake jambo, sio saa ya ukutani bali ile nafasi inayofunguka na kufunga. Ticha akasimulia tena habari ya King, kwamba ile sehemu ya ndoto haikuwemo kwenye hotuba aliyoandika, yule mwimbaji Mahalia Jackson akampigia kelele awaambie watu kuhusu ndoto, naye akaacha karatasi akaingia. Alafu cha pili enthimema, hili jina baya lakini kitu chenyewe kitamu, ni hoja ambayo kipande kimoja hukisemi unamwachia msikilizaji akimalizie mwenyewe, na kwa sababu amekimalizia mwenyewe anakiamini kuliko ungemwambia.

Ticha akauliza nani ana mfano, kijana mmoja wa redio akasema konda. Konda wa daladala anaposema "wawili tu gari inaondoka", hajakuambia panda, hajakuambia utachelewa, wewe mwenyewe unamalizia kichwani, ukikosa hii utakaa juani, unakimbia na mfuko wako. Hiyo ni kairosi na enthimema kwa pumzi moja na konda hajawahi kusikia Aristotle. Dada wa bima akadakia, lakini sisi wote tunajua gari haiondoki! Ni kweli, unapanda unakuta siti sita ziko wazi na dereva anakunywa chai. Kwa hiyo konda ana kairosi ila ethosi ameshaimaliza yote, na ndo maana siku ambayo gari kweli inaondoka inabidi agonge bodi kwa kiganja ndo watu waamini.

Mi nikaangalia vile viti kumi na tisa vitupu nikamwangalia ticha. Nafasi zimebaki tano. Nikasema. Sikuvumilia nikasema, ticha na lile tangazo lenu je? Akacheka, akawa mwekundu, akasema sio yeye anayeandika matangazo ya chuo. Basi ndo hivyo, laki na ishirini yangu ilichukuliwa na konda.

Cha tatu ndo dawa yenyewe kwa wauzaji. Prolepsisi. Yaani lile pingamizi ambalo mteja analo moyoni, unalitaja wewe kabla yake, tena kwa haki bila kulipunguza, ndo unalijibu. Sisi wote tunafanya kinyume, tunaogopa kutaja ubaya tukidhani tukinyamaza mteja hataona. Ataona, tena akiuona mwenyewe anakuwa amekukamata. Homuwoki ikawa andika tangazo moja linaloanza au kupita kwenye pingamizi kubwa la mteja wako.

Nikaandika hili, naliweka kama lilivyokuwa:

"Pamba tupu, sita kwa sita, na foronya mbili, elfu arobaini na tano. Najua Kariakoo yapo ya elfu ishirini na tano. Nimelifua la kule na langu, mara kumi kila moja, angalia picha ya pili uamue mwenyewe."

Niliona nimeua. Bei ipo, pingamizi lipo, ushahidi upo, na ile "uamue mwenyewe" ndo enthimema yangu.

Jumamosi ya nne kila mtu kazi yake inapandishwa kwenye projekta na darasa linakata. Yangu ikapanda, watu wakapiga makofi, ticha akaisoma mara mbili akaniuliza, "Dada, umeyafua kweli?"

Nikanyamaza.

"Basi kayafue."

Hakuna cha zaidi alichosema, akaenda kwa mtu anayefuata. Nimerudi nyumbani nimetia maji kwenye beseni, wiki nzima nafua, naanika, nafua, watoto wanauliza mama kuna nini, na majibu hayakuwa yale nliyoyaandika. Jeupe langu na la maua yametoka salama, lile la elfu ishirini na tano limepauka kama nlivyotegemea, ila la kwangu la bluu nalo limepauka. Sio sana lakini limepauka. Nikakaa nayo siku mbili nikaona nikificha hili ntakuwa konda. Nikaweka picha zote nne na maneno kwamba la bluu linapauka kidogo ndo maana nimelishusha elfu tano. La bluu ndo limeisha la kwanza, na tusidanganyane, nadhani ni ile elfu tano tu. Ila inboksi yangu sasa hivi watu wanakuja wanasema nataka la maua, naishi sehemu fulani, hawaanzi na bei gani wala naomba picha halisi. Hiyo kwangu ni nusu ya kazi imepungua.

Ya mzee sasa. Alikuwa anaandika barua ya mtaa wao kuomba mtaro uzibuliwe, kurasa nne kwa mwandiko wa mwalimu, na ina tashtiti kila aya, je sisi si binadamu, je watoto wetu hawana haki, mpaka lini. Ukiisoma unasisimka kweli. Ticha akamuuliza, mzee, huyu atakayeisoma hii barua anaogopa nini? Mzee akafikiri akasema, "Haogopi kitu." Tulicheka sana lakini ticha akasema hapana, kuna kitu anaogopa, anaogopa mvua. Mvua za masika zikianza Machi na maji yakaingia ndani ya nyumba za watu, wataulizwa walikuwa wapi. Kwa hiyo barua iende kabla ya hapo, sio baada ya mafuriko tukiwa na hasira, hiyo ndo kairosi yako. Ombi likae aya ya kwanza. Nyumba zilizoingia maji mwaka jana zihesabiwe ziandikwe kwa idadi. Na iwe ukurasa mmoja, akamtolea mfano wa Lincoln, rais wa Marekani, kule Gettysburg mwaka 1863, kwamba kabla yake alipanda msemaji mkuu wa siku, Edward Everett, akaongea kama saa mbili, Lincoln akapanda akaongea dakika chache akashuka, na hizo dakika chache ndo zinasomwa mashuleni mpaka leo.

Mzee akakubali yote, akakata akakata, kurasa nne zikawa moja. Ila tashtiti moja aligoma. Ticha anasema haina kazi, mzee anasema hiyo inabaki. "Mmenikata sana leo, hii moja mniachie, hiyo ndo ethosi yangu, wakiisoma watajua imeandikwa na mwalimu." Kusema ukweli hapo nadhani mzee alikuwa sahihi na ticha ndo hakuwa sahihi.

Mambo madogo madogo. Hoja za udanganyifu, yaani zile za kumshambulia mtu badala ya hoja yake, kumwekea njia mbili kana kwamba hakuna ya tatu, kumsingizia mpinzani kitu ambacho hakusema ndo unakijibu, walizipitisha dakika ishirini za mwisho watu wakiwa wameshabeba mikoba, na mi naona hilo lingestahili Jumamosi nzima kuliko yale majina, maana mtaani tunapigwa na hizo kila siku. Grupu la WhatsApp walilosema litaendelea na msaada mwezi mzima limegeuka sehemu ya kuuziana viwanja na salamu za asubuhi njema. Chai ipo, vitumbua vya moto, hapo pongezi. Ngazi ni kali kwa wazee, mzee wetu alikuwa anapumzika ghorofa ya kwanza kila mara.

Ntalipa tena? Kozi nzima hapana. Wangeuza Jumamosi ya nne peke yake, mtu anakuja na maandishi yake yanapandishwa ukutani yanakatwa, hata elfu hamsini kwa siku moja ningetoa na ningerudi kila baada ya miezi miwili mitatu. Kwa anayeanza kabisa na hakumbuki chochote cha shule, nenda, utafaidika, ila chukua kwanza daftari la mdogo wako wa sekondari ulipitie ujue takriri ni nini, utakuwa umewatangulia wenzako kwa wiki mbili.

Kuhusu cheti, siku ya mwisho ndo wanakuambia ni elfu kumi na tano nje ya ada, haikuandikwa popote kwenye tangazo. Nimelipa. Jina langu limekosewa, wamenirukia herufi moja, na kulirekebisha wanataka elfu tano nyingine. Nyota tatu kati ya tano, mbili ni za ticha na moja ni ya mzee, chuo kama chuo sijakipa kitu.